Ruzuku za elimu ya kinywa na meno: kabla hujaandika andiko, soma hapa

#1 Mjumbe wa Kamati (mleta uzi)

Wakuu, heshima mbele.

Msimu wa maombi ya ruzuku ukifika, ujumbe ninaoupata humu faraghani ni uleule: "Tuna kikundi, tunataka kutoa elimu ya afya ya kinywa na meno kwa jamii, tuandikeje mfadhili akubali?" Nimeona nijibu hadharani mara moja. Nimeendesha miradi ya aina hii, na siku hizi nasoma maandiko kwa niaba ya mfuko mmoja wa hisani ambao jina lake tuliache. Uzi ni mrefu, mwenye haraka ateremke hadi kwenye hesabu ya dawa ya meno.

Ukubwa wa tatizo hauna ubishi. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya 2022 inakadiria kuwa watu bilioni 3.5 wana ugonjwa wa kinywa wa aina moja au nyingine, na watatu kati ya kila wanne wako nchi za kipato cha kati. Wenye meno ya ukubwani yaliyooza ni kama bilioni 2. Watoto wenye meno ya utoto yaliyooza ni milioni 514. Takwimu hizi zimo kwenye kila andiko ninalolishika, zimenakiliwa nukta kwa nukta, na hazimpi mwombaji alama hata moja. Mfadhili anajua meno yanaoza. Anataka kujua ninyi mtafanya nini mkishaingia darasani.

Na hapo ndipo maandiko yanapoanguka. Andiko la kawaida linasema: tutazunguka mashuleni, tutatoa mhadhara, tutagawa vipeperushi na miswaki, tutabandika mabango. Safu ya viashiria: idadi ya waliohudhuria. Safu ya matokeo: "uelewa umeongezeka". Kiambatisho: picha ya watoto wameinua miswaki juu. Na sentensi ya kwanza ya utangulizi, sijui nani aliwafundisha wote, ni "kinga ni bora kuliko tiba".

Uelewa kweli unaongezeka. Mwaka 1996 Kay na Locker walichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi za elimu ya afya ya meno zikiwekwa pamoja. Walikuta hivi: maarifa ya watu hupanda karibu kila mara, ukoga kwenye meno (ule utando wa uchafu na bakteria) hupungua kidogo, kisha baada ya muda hurudi palepale, na kuoza kwa meno hakupungui kwa elimu peke yake. Palipokuwa na nafuu ya kuoza, floraidi (madini yanayolikinga jino lisioze) ilikuwa imo ndani ya programu. Huo ni uchambuzi wa karibu miaka thelathini iliyopita, na bado naletewa bajeti ambayo nusu yake ni kuchapisha vipeperushi.

Mtoto anajua kwamba apige mswaki mara mbili kwa siku. Muulize, atakujibu kwa wimbo. Usiku nyumbani dawa ya meno imekwisha, au ipo lakini hakuna mkubwa wa kumsimamia, na analala hivyohivyo.

Kinachozuia kuoza kinafahamika. Uchambuzi wa 2003 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za afya kwa pamoja, ulikuta dawa ya meno yenye floraidi inapunguza kuoza kwa watoto na vijana kwa wastani wa asilimia 24 ukilinganisha na isiyo nayo. Vanishi ya floraidi, dawa nzito inayopakwa kwenye meno na mtaalamu, kwa uchambuzi wa 2013, ni asilimia 37 kwenye meno ya utoto na 43 kwenye ya ukubwani. Scotland wana programu ya Childsmile ambayo sehemu yake kubwa ni watoto wa chekechea kupiga mswaki kila siku mbele ya mlezi. Ilipofanyiwa hesabu za gharama mwaka 2015, ilionekana kufikia mwaka wa nane fedha za matibabu zilizookolewa zilizidi gharama za kuendesha zoezi la miswaki mara mbili na nusu. Ufilipino walikuwa na Fit for School: kunawa mikono kwa sabuni, kupiga mswaki kwa dawa yenye floraidi kila siku shuleni, na dawa ya minyoo mara mbili kwa mwaka. Elimu imo ndani ya kitendo chenyewe, kinachorudiwa mpaka kinakuwa mazoea.

Sasa hesabu niliyowaahidi. Dawa ya meno ya ukubwa wa punje ya njegere, ambayo ndiyo kipimo cha mtoto wa miaka 3 hadi 6, ina uzito wa robo gramu hivi. Darasa la watoto 40 wakipiga mswaki mara moja kwa siku linatumia gramu 10. Tyubu ya gramu 100 inaisha kwa siku 10 za shule. Mwaka wa masomo wa siku 200 unataka tyubu 20 kwa darasa hilo, ongeza mbili tatu za upotevu. Ukiniandikia tyubu 5, najua hujawahi kusimama kwenye darasa linalopiga mswaki. Ukiniandikia 100, najua zina safari nyingine.

Hesabu hiyohiyo ndiyo kipimo cha bei nafuu kuliko vyote cha kujua kama mradi uko hai. Nenda shuleni bila taarifa, omba kuona tyubu zilizokwisha. Zikiwa 4 baada ya siku 40, zoezi linafanyika. Ukikuta tyubu ya kwanza bado inabonyea vizuri, ile daftari ya mahudhurio iliyojazwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja haitakusaidia kitu.

Karibuni tujadili.

#2 Chaki Nyeupe

Mkuu nimekusoma hadi mwisho, ila mimi ni mwalimu wa madarasa ya awali na nina la kusema.

Kila mradi unaobuniwa huko juu unamalizikia mezani kwa mwalimu. Meno, mwalimu. Minyoo, mwalimu. Upimaji wa macho, mwalimu. Walishawahi kutuletea mradi kama wako huo wa miswaki: siku ya uzinduzi walijaa wageni, wakapiga picha, wakatukabidhi maboksi, hatukuwaona tena. Hakuna aliyeuliza miswaki inakaa wapi ikishalowa. Tukaiweka yote kwenye ndoo moja. Baada ya muda mfupi hakuna mtoto aliyejua wake ni upi, mkuu wa shule akaamuru itupwe, na alikuwa sahihi.

Kwa hiyo kabla hujamwambia mtu aandike "mwalimu atasimamia", mwambie aje kwanza akae na mwalimu.

#3 Mjumbe wa Kamati

Chaki Nyeupe, hoja yako ni nzito kuliko uzi wangu wote. Wacha nieleze zoezi linavyotakiwa kwenda ili wanaoandika maandiko waone ni vitu gani vinaingia kwenye bajeti.

Kila mswaki una alama ya mtoto, picha ndogo kwa wasiojua kusoma: samaki, nyota, mwavuli. Unakaa kwenye kishikio chenye matundu, umesimama kichwa juu, hakuna unaogusana na mwenzake, na juu kuna kifuniko kinachopitisha hewa. Dawa ya meno haikamuliwi moja kwa moja juu ya mswaki mmoja kisha wa pili na wa tatu, maana mdomo wa tyubu utabeba mate ya darasa zima. Mwalimu anaweka matone kwenye sahani safi au karatasi, yakiwa mbalimbali, na kila mtoto anachota lake. Wanapiga mswaki wamekaa. Wakimaliza wanatema kwenye karatasi laini na kuitupa. Hawasukutui kwa maji, kwa sababu maji yanaondoa floraidi iliyobaki kwenye meno, na ndiyo tunayoitaka ibaki. Mwalimu anasuuza miswaki mmoja mmoja na kuirudisha kwenye kishikio.

Angalia: hakuna sinki hata moja katika maelezo hayo. Nimesoma maandiko yaliyoomba fedha za kujenga masinki kabla mtoto hajashika mswaki. Maji ya kunawa na kusuuzia ni lazima, sinki kwa kila mtoto ni anasa.

Vishikio, sahani, karatasi, alama, miswaki ya kubadilisha kila muhula au nyuzi zikichakaa, posho ya msaidizi wa darasa kwa muda anaoutumia: vyote hivyo ni mistari ya bajeti. Mfadhili anayekataa kulipia kishikio huku akikubali kulipia bango la uzinduzi, jibu lake ni kumwonyesha ndoo ya Chaki Nyeupe.

#4 Gego la Nyuma

Hapa sijaelewa. Kichwa cha uzi ni ruzuku za elimu, halafu unatuambia elimu haizuii kuoza. Si useme tu fedha hizo ziitwe za dawa ya meno tuondokane na unafiki? Na vikundi vidogo visivyo na daktari wala shule vifanye nini, vifunge?

#5 Dokta wa Zamu

Gego, naomba nijibu hili, ni eneo langu.

Alichosema mleta uzi ni kuhusu kuoza kwa meno na mihadhara ya mara moja. Kinywa kina mambo mengine, na kuna maarifa ambayo mtu akiyapata mara moja tu yanabadilisha kinachotokea. Nitataja machache ninayoyakosa kila siku kwa wagonjwa.

Noma. WHO waliiingiza kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika Desemba 2023. Inaanza kama fizi iliyovimba na kutoka damu kwa mtoto mdogo mwenye utapiamlo au aliyetoka kuugua, kisha inakula shavu kwa siku chache. Isipotibiwa inaua hadi asilimia 90 ya inaowapata. Ikikamatwa mwanzoni, antibayotiki, usafi wa kinywa na lishe vinaizuia. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii aliyefundishwa kuinua mdomo wa juu wa mtoto na kutazama fizi, na kujua ampeleke wapi, anaokoa uso na uhai. Hii ni elimu tupu, na ruzuku ndogo inaitosha kabisa.

Saratani ya kinywa. Kidonda au doa jeupe au jekundu lisilopona kwa zaidi ya wiki mbili, mtu aonekane na mtaalamu. Wavutaji na watafunaji wa tumbaku na wanywaji wa pombe ndio wa kwanza kufikishiwa hilo, sio watoto wa shule. Kinachonichekesha ni kuona mabango ya saratani ya kinywa yamebandikwa chekechea.

Wazazi wa watoto wachanga. Mswaki unaanza jino la kwanza linapochomoza, dawa ya meno ni mpako mwembamba tu hadi miaka 3, chupa yenye kitu kitamu isilale mdomoni mwa mtoto. Namna ya kufikisha ndiyo yenye kazi. Canada, Weinstein na wenzake walijaribu mahojiano ya kumhamasisha mama: kikao kimoja cha kumsikiliza na kumwachia achague atakachobadilisha, kisha simu za kumfuatilia. Baada ya miaka miwili watoto wa akina mama hao walikuwa na meno mabovu machache kuliko wa waliopewa kipeperushi na video. Ilichapishwa 2006. Tafiti zilizofuata zimekuja na matokeo mchanganyiko, kwa hiyo usiahidi makubwa, lakini ina mashiko kuliko kipaza sauti uwanjani.

Sukari. Mwongozo wa WHO wa 2015 unataka sukari huru (ya kuongezwa kwenye vyakula na vinywaji, pamoja na ya asali na juisi) isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya 5. Mtoto hanunui chakula cha nyumbani wala hapangi kinachouzwa karibu na shule. Elimu ya sukari ipelekwe kwa kamati ya shule na kwa wanaoandika kanuni za shule.

Kwa hiyo kikundi kidogo kisifunge. Kichague jambo moja na kundi moja la watu. Anayeniambia atafundisha "jamii kwa ujumla kuhusu kinywa kwa ujumla" ndiye hafundishi mtu.

#6 Mswaki Mkavu

Dokta umeniua na hayo mabango ya chekechea 😂

Nimeshika nafasi, narudi na swali.

#7 Mhasibu Mstaafu

Niongeze upande wa fedha, maana wataalamu wa meno mnaandika kana kwamba hela inajihesabu.

Ruzuku ni za aina mbili kubwa. Kuna iliyofungwa, kila shilingi, dola au euro ina mstari wake, ukitaka kuhamisha kutoka karatasi kwenda vishikio unaomba ruhusa kwa maandishi. Na kuna isiyofungwa, unapewa kwa ajili ya taasisi nzima unapanga mwenyewe. Taasisi changa karibu zote zinapata ya kwanza. Sasa makosa ninayoyaona ni haya: mtu anaandika bajeti ya vifaa tu, kwa kuogopa kwamba akitaja mishahara, usafiri, mkaguzi wa hesabu na umeme wa ofisi ataonekana mroho. Anapewa. Halafu anatekeleza mradi kwa kukopa muda wa watu wake na kuchota mfuko mwingine kinyemela. Mkaguzi akija, hapo ndipo mazungumzo yanakuwa magumu. Gharama za uendeshaji ni gharama halali. Soma tangazo, wengi huweka kiwango cha asilimia wanachoruhusu. Omba kiwango hicho chote, na ueleze kinafanya nini.

La pili, jueni mfadhili naye anavyopata presha upande wa pili. Kwa mfano Marekani, sheria ya kodi ya 1969 ndiyo iliyoanzisha wajibu wa mifuko binafsi ya hisani kutoa kiwango fulani kila mwaka, na leo ni takriban asilimia 5 ya mali zake. Yaani mfuko wa aina hiyo lazima utoe. Msiandike kwa kupiga magoti. Ninyi mnamsaidia afisa wa pale kutimiza kazi yake, ila mpeni andiko ambalo anaweza kulitetea mbele ya bodi.

La tatu, misaada ya vitu. Mtu anajitolea kontena la dawa ya meno, mnashangilia. Fungueni boksi moja kwanza. Angalieni tarehe ya kuisha muda. Angalieni kama lebo inataja floraidi na kiwango chake. Inayotakiwa ni kati ya sehemu 1,000 na 1,500 kwa milioni. Zipo zinazonukia vizuri sana na hazina floraidi kabisa. Halafu ulizeni nani analipa ushuru na ghala. Nimeona msaada wa bure uliogharimu kuliko kununua.

#8 Dokta wa Zamu

Mhasibu, hapo kwenye lebo nikazie. Orodha ya WHO ya dawa muhimu ya mwaka 2021 inataja dawa ya meno yenye floraidi ya kiwango hicho ulichotaja. Ukiitaja kama dawa muhimu kwenye andiko, bodi inaacha kuiona kama zawadi ya pipi.

#9 Mswaki Mkavu

Swali langu ndilo hili. Kampuni ya vitafunwa vitamu au vinywaji imetangaza ruzuku za "tabasamu la afya" kwa mashule. Hela nzuri, fomu kurasa mbili tu. Wale wenye fomu za kurasa hamsini wanatoa kiduchu. Tuchukue au tusichukue?

#10 Mjumbe wa Kamati

Msimamo wangu: kwa elimu ya kinywa, msichukue. Huko ni kumpa fisi alinde bucha, na historia ipo.

Mwaka 2015 jarida la PLOS Medicine lilichapisha uchunguzi wa Kearns, Glantz na Schmidt. Walipitia nyaraka za ndani za sekta ya sukari, 319 kwa idadi, za miaka ya 1959 hadi 1971. Nyaraka zilionyesha kwamba wenye viwanda walikuwa wanajua sukari inaozesha meno. Mkakati wao ukawa kuelekeza fedha za utafiti mbali na swali la watu kupunguza sukari: watafute vimeng'enya vya kuvunja ukoga, watafute chanjo ya kuzuia kuoza. Taasisi ya taifa ya utafiti wa meno ya Marekani ilipoandaa mpango wake wa kitaifa dhidi ya kuoza kwa meno wa 1971, asilimia 78 ya mapendekezo ambayo sekta hiyo iliwasilisha iliingia kwenye wito wa kwanza wa tafiti. Huyo Kearns, kwa taarifa yenu, ni daktari wa meno.

Angalieni jinsi inavyofanya kazi. Hakuna aliyeombwa aseme uongo. Floraidi ni kweli, mswaki ni kweli, ukoga ni kweli. Mada moja tu ndiyo inayopotea kwenye ratiba. Soma miongozo ya ruzuku ya namna hiyo kwa makini, utakuta "kupiga mswaki", "kumwona daktari mara kwa mara", "lishe yenye uwiano". Tafuta sukari imeandikwa wapi. Ukiikuta imetajwa kwa jina lake niandikie, nitafurahi kweli.

Kampuni za dawa ya meno naziweka kundi tofauti. Anataka kuuza kitu ambacho mimi pia nataka kitumike. Huko nachukua, kwa masharti yaliyoandikwa: nembo yake haiwi kwenye vifaa vya kufundishia, hana kauli juu ya maudhui, hapewi majina wala picha za watoto, na tuna haki ya kuchapisha matokeo hata yakiwa mabaya. Akikataa sharti la mwisho, basi alikuwa anatafuta tangazo.

#11 Gego la Nyuma

Mkuu unaongea ukiwa umeshiba. Kuna sehemu bila hiyo fedha ya "fisi" hakuna mswaki hata mmoja. Mtoto anayeoza jino leo hajali nyaraka za 1959. Mimi ningechukua, ninunue dawa ya meno, na mada ya sukari niifundishe kimyakimya.

#12 Mjumbe wa Kamati

Gego, ukiifundisha kimyakimya utaripoti vipi? Ripoti yako ya robo mwaka itaandika somo la sukari limefanyika, au utaliacha? Ukiliacha kwenye ripoti mwaka huu, mwakani litakuwa halimo kwenye ratiba, kwa sababu ratiba inatengenezwa kutokana na ripoti. Nimeona vikundi vikibadilika hivyo bila mtu hata mmoja kukaa kikao cha kuamua.

#13 Gego la Nyuma

Hapo kwenye ripoti umenibana. Bado sikubaliani nawe kwa sehemu zisizo na mfadhili mwingine yeyote, lakini umenibana.

#14 Mhasibu Mstaafu

Njia ya tatu ipo: fedha ziingie kwenye mfuko wa pamoja unaosimamiwa na chombo huru, kampuni isijue imefadhili shule ipi na shule isijue imefadhiliwa na nani. Kampuni nyingi zikisikia hivyo hamu inaisha, na hilo nalo ni jibu.

#15 Chaki Nyeupe

Turudi kwa sisi wa chini. Tuko walimu wachache na muuguzi mmoja mstaafu, tunataka kuomba ruzuku ndogo ya mwaka mmoja. Mjumbe, tuandikie mfano hata wa aya moja tuone tofauti. Na je, tuahidi kupunguza meno mabovu? Tangazo lenyewe linataka "matokeo yanayopimika".

#16 Mjumbe wa Kamati

Msiahidi kupunguza kuoza ndani ya mwaka mmoja. Tobo la jino huchukua muda kuonekana, ndiyo maana majaribio ya floraidi huendeshwa miaka miwili mitatu. Na kuhesabu meno yaliyooza, yaliyong'olewa na yaliyozibwa, kwa kipimo kinachotumika tangu Klein na wenzake mwaka 1938, kunataka wapimaji waliofundishwa na kulinganishwa ili macho yao yaone kitu kimoja, pamoja na ridhaa ya wazazi na kibali cha maadili. Kwa ruzuku ndogo, upimaji huo utameza fedha zote na takwimu zitakazotoka hazitakuwa na maana.

Pimeni kinachoweza kubadilika kwa mwaka: siku ngapi za shule zoezi lilifanyika kati ya zilizopangwa, tyubu ngapi zimekwisha ukilinganisha na hesabu, miswaki mingapi ina alama na iko mahali pake mkija bila taarifa, na watoto wangapi walipelekwa kliniki na wakafika kweli. Matokeo yanayopimika ndiyo hayo. Andikeni waziwazi kwamba ushahidi wa kuzuia kuoza umeshapatikana kwingine, na kwamba kazi yenu ni kuhakikisha kitendo kinafanyika.

Aya nyingi zinazonifikia ziko hivi: "Mradi utatoa elimu ya afya ya kinywa kwa wanafunzi na jamii inayowazunguka ili kuongeza uelewa na kubadili tabia, kupitia mihadhara, vipeperushi na mabango."

Ningeiandika hivi:

"Watoto 40 wa darasa la awali watapiga mswaki shuleni kila siku ya masomo, kwa dawa yenye floraidi ya sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa milioni, wakisimamiwa na mwalimu na msaidizi mmoja. Msaidizi atalipwa kwa muda huo. Muuguzi atafundisha walimu wote wa awali, pamoja na wa zamu, ili mmoja akihama zoezi lisisimame. Wazazi wataitwa kwa makundi madogo, muuguzi azungumze na kila mzazi kuhusu mswaki wa usiku na vinywaji vitamu, na amwachie achague jambo moja la kuanza nalo. Mtoto mwenye maumivu, uvimbe au fizi inayotoka damu atapewa barua ya rufaa, na tutafuatilia kama amefika. Kuanzia muhula wa tatu, kamati ya shule itaingiza ununuzi wa dawa ya meno kwenye bajeti yake. Barua ya kamati imeambatishwa."

Hiyo barua ya kamati ndiyo ninayoitafuta kwanza nikifungua bahasha. Nikiikuta, nasoma andiko kwa moyo mweupe. Isipokuwepo, naanza kuhesabu tyubu.

#17 Chaki Nyeupe

Asante mkuu. Moja la mwisho: muuguzi wetu anasema fomu ina sehemu ya "ubunifu", inataka tuonyeshe jambo jipya. Hakuna jipya kwenye kupiga mswaki.

#18 Mjumbe wa Kamati

Andikeni kwamba hakuna jipya, kisha wekeni ile hesabu ya tyubu na ratiba ya kutembelea bila taarifa. Na kabla ya kutuma, pigeni simu kwa afisa aliyetajwa kwenye tangazo mumuulize kama wanalipia posho ya msaidizi na vitu vinavyoisha. Wengine hawalipii kabisa, na haijaandikwa popote kwenye fomu.